Tak tak tak nyuma ya dashibodi kila ninapobadilisha joto: ni mota, ni gia au ni kitu chengine?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada katika jambo ambalo limenikosesha raha kwa wiki tatu sasa. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 1999, ambalo nililinunua Unguja likiwa limeshatumika, nikalivusha kwa meli hadi Mkoani miaka sita iliyopita. Injini yake ni nzima, kiyoyozi kinapooza, na kwa umri wake sina la kulilaumu. Kinachonisumbua ni sauti. Kila ninapofungua ufunguo, hata kabla injini haijawaka, husikia nyuma ya dashibodi, upande wa kushoto kuelekea katikati, mlio wa haraka haraka, tak tak tak tak, mfano wa mtu anayegonga kucha juu ya sinia tupu. Huendelea kwa muda wa sekunde kumi hivi, kisha hunyamaza. Paneli yangu si ya kuzungusha. Ni ile ya vitufe yenye kioo kidogo kinachoonyesha namba za joto, kuanzia 18 hadi 32. Nikiipandisha namba kutoka 18 hadi 25 sauti hurudi, na nikiishusha hurudi tena. Nikiiacha kwenye 18, kama nilivyozoea kuiacha siku zote, naweza kwenda Chake Chake na kurudi bila ya kuisikia.

Najua wapo watakaocheka kusikia mtu wa Pemba anauliza habari za hita, kwani hapa petu hata kipupwe hakijapata kumtia mtu baridi ya kutafutia moto ndani ya gari. Hata hivyo, wakati huu wa masika kioo cha mbele hujaa ukungu hadi nikashindwa kuona njia, na ninapojaribu kuufukuza kwa hewa ya uvuguvugu, hewa inayotoka ni ya baridi tu, hata nikipandisha namba hadi 32.

Sauti ilianza siku ile ile niliyobadilisha betri, jambo lililonifanya nidhani kwamba aliyeifunga amechoma kitu. Fundi wa hapa karibu amesikiliza kwa dakika moja akaniambia kwamba dashibodi yote lazima ishuke na kisanduku kizima cha hita kibadilishwe, kwa gharama ambayo naona haya hata kuitaja kwa gari la umri huu. Kabla ya kukubali ningependa kujua mambo matatu. Je, sauti hii ina hatari yoyote kwa safari? Je, kuna njia ya kujua kwa uhakika kinacholia bila ya kubomoa? Na je, mtu mwenye bisibisi, spana chache na subira anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe?

Jambo jengine dogo, ambalo huenda halihusiani kabisa: tangu msimu uliopita, nikifungua feni hunukia karafuu. Sikulishangaa sana, maana tulilitumia gari kubebea magunia kutoka shambani kwa mzee wangu, na huku kwetu hata nguo za Idi hunukia karafuu.

Fundi Umeme Fuoni

Wa alaykum salaam Mwalimu. Umetupa mambo ambayo wateja wengi hawayasemi hadi waulizwe mara tatu: sauti inaanza lini, inadumu kwa muda gani, na unagusa nini inapolia. Kwa maelezo hayo nusu ya kazi imeshafanyika, na sioni sababu ya kuishusha dashibodi kabla hatujafanya majaribio mawili matatu ambayo hayahitaji hata bisibisi.

Kwanza tufahamiane kuhusu hicho kisanduku. Hita ya gari haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inayopitishiwa maji ya moto yanayotoka kwenye injini, na maji hayo injini ikishapata joto huwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 na zaidi kidogo. Katika magari mengi maji hayo hupita humo wakati wote, unataka joto au hutaki. Kinachoamua kama hewa inayokufikia usoni itakuwa ya baridi au ya moto ni kilango cha plastiki kilichopo baina ya koili ya baridi ya kiyoyozi na rejeta hiyo ndogo: kikifunga upande wa rejeta, hewa yote hupita bila ya kupashwa, kikifungua, hupitia kwenye joto. Kwa hiyo ndugu zangu msiwacheke wanaouliza habari za hita hapa Zanzibar. Nimeletewa magari mengi ambayo wenyewe wametia gesi mara mbili na mara tatu wakilalamika kwamba kiyoyozi hakipoozi, kumbe gesi imejaa, na kilichowaponza ni hicho kilango kilichokwama nusu, kikawa kinachanganya hewa ya baridi na ya moto wakati wa kaskazi.

Katika magari ya zamani zaidi, kilango huvutwa kwa waya kutoka kwenye wenzo wa kusukuma. Gari la namna hiyo haliwezi kulia tak tak lenyewe. Litalia kwa mkwaruzo, na litalia pale tu mkono wako unapousogeza wenzo. Lako lina vitufe na namba, kwa hiyo kilango chake kinasukumwa na mota ndogo ya umeme yenye gia za plastiki ndani yake. Kompyuta ya kiyoyozi huiamrisha mota isogee, na kihisi kilichomo humo humo huirudishia kompyuta habari ya kilango kilipofika. Gia ikiwa imevunjika jino, au kilango kikiwa kimezuiwa na kitu, mota huzunguka, meno yanarukana, kihisi hakioni mabadiliko, na kompyuta huendelea kusukuma hadi muda wake uishe ndipo ikate tamaa. Hizo ndizo sekunde zako kumi.

Kuhusu betri, aliyeifunga hana kosa. Magari mengi ya aina hii yakikatiwa umeme husahau mahali vilango vilipo, na umeme unaporudi huvisukuma kutoka mwisho mmoja hadi wa pili ili kujifunza upya. Wewe ulikuwa umeiacha namba kwenye 18 kwa miaka, kilango kimelala upande wa baridi bila ya kuombwa kusogea. Siku ya betri ndipo kilipoambiwa kitembee, kikashindwa. Ugonjwa ulikuwepo kabla.

Sasa majaribio. Simamisha gari mahali patulivu, fungua ufunguo bila ya kuwasha injini, na weka feni kwenye kasi ya chini kabisa. Ndani ya kisanduku kwa kawaida kuna vilango vitatu: cha joto na baridi, cha kuelekeza hewa usoni, miguuni au kwenye kioo, na cha kuchagua hewa ya nje au ya ndani. Gusa kitufe kimoja tu, subiri hadi pawe kimya kabisa, kisha uende kwenye chengine. Watu wengi huharibu jaribio hili kwa pupa, wanabonyeza vitatu kwa pamoja kisha hawajui nani amelia. Ikiwa ni namba ya joto peke yake inayoleta mlio, basi tumeshampata. Mlio ukibadilika kulingana na kasi ya feni, hapo mota ya kilango haihusiki. Hiyo ni feni yenyewe, ama beringi imekauka ama jani limeingia kwenye tundu lake. Chukua pia kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kama urefu wa mkono, ncha moja iweke sikioni na nyengine uitembeze chini ya dashibodi mwenzako akiwa anabonyeza vitufe. Mpira huo utakuonyesha mahali pa mlio kwa usahihi usioutarajia, na haugharimu kitu.

Kama gari lako linakubali, jaribu na hili: katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yenye kiyoyozi cha otomatiki, ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, ukavishikilia huku ukifungua ufunguo, taa za paneli hupepesa mara kadhaa, kisha kioo kidogo huonyesha namba za hitilafu. Namba 00 ni salama. Namba 41 ina maana kwamba mota ya kilango cha joto imeamrishwa lakini kihisi hakikuona kilango kikisogea. Ukiona 21 na gari lipo kivulini au ndani ya banda, usishtuke. Hicho ni kihisi cha jua kinacholalamika kwamba hakioni jua.

Swali la hatari nalijibu kwa ufupi: sauti yenyewe haitalizuia gari kutembea, lakini ukungu kwenye kioo ni hatari kweli, kwa hiyo usilipuuze. Na swali langu kwako ni kuhusu hiyo harufu ya karafuu. Inatoka wakati wote au feni inapofunguliwa tu? Hupungua au huzidi ukielekeza hewa kwenye kioo? Usinione nauliza mambo ya jikoni, nina sababu.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Kwa heshima zote kwa fundi, mimi naona jambo hili linapewa uzito usiostahili. Hapa kwetu hita haina kazi. Gari langu lilipoanza kelele kama hiyo, nilichomoa plagi ya ile mota kilango kikiwa upande wa baridi, na ile mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita nikaiunganisha yenyewe kwa yenyewe upande wa injini, maji yakawa hayaingii ndani kabisa. Kelele ikaisha siku hiyo hiyo, kiyoyozi kikawa kikali zaidi, na sikutumia zaidi ya bei ya kipande cha bomba na vibano viwili. Mwalimu afanye hivyo alale usingizi wake.

Dereva Mstaafu, Konde

Mwanangu wa Mwanakwerekwe, uliyoyafanya ni mambo mawili tofauti, nawe umeyasimulia kama jambo moja. Kuchomoa plagi ya mota sina tatizo nako, mradi mtu ahakikishe kilango kimekaa baridi na hakitembei, kwani gia ikiwa imekatika hakuna tena kinachokishikilia, na upepo wa feni au mtikisiko wa barabara unaweza kukisogeza chenyewe. Huko kuunganisha mipira ndiko ninakokupinga.

Nimeendesha gari za abiria na za mizigo katika kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka thelathini, na nyinyi wa Unguja mmezoea njia za tambarare. Pemba ni vilima na mabonde, unapanda, unashuka, unapanda tena na mzigo mgongoni. Siku moja feni ya rejeta ilinifia katikati ya mlima, mshale wa joto ukaanza kupanda, na nyuma nina watu. Nilizima kiyoyozi, nikafungua hita hadi mwisho wa moto na feni ya ndani hadi mwisho wa kasi, nikashusha vioo vyote. Abiria walinitukana kwa hilo joto, na walikuwa na haki yao, lakini mshale ukashuka kiasi cha kunifikisha juu mahali pa kuegesha kwa salama. Rejeta ile ndogo ya hita ni rejeta, hata kama ni ndogo. Huyatoa maji joto na kuyarudisha kwenye injini yakiwa yamepoa kidogo. Ukishaiondoa kwenye mzunguko, siku ya shida huna pa kukimbilia. Simwambii mtu aendelee na safari kwa njia hiyo. Ni ya kukuvusha hadi mahali pa kusimama, na ukishasimama usiguse kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe, maana maji yaliyomo humo yana shinikizo na yatakurukia usoni.

Mwalimu, tengeneza hita yako. Wewe mwenyewe umesema unaihitaji kwa ajili ya kioo.

Bi Mkubwa wa Kiembesamaki

Mimi si fundi, lakini naongeza haya kwa faida ya mwengine atakayesoma hapa akiwa na sauti isiyofanana na ya Mwalimu. Yangu ilikuwa ya maji. Nikikata kona nilisikia chubwi chubwi nyuma ya dashibodi kama mtungi uliojaa nusu, na fundi wa kwanza akaniambia kwamba hita imepata hewa, akaongeza maji kwenye rejeta, akachukua ujira wake. Sauti haikuondoka. Wiki ya pili zulia la upande wa abiria likawa limelowa hadi likatoa uvundo. Fundi wa pili aliyalamba maji yale kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo lilinichukiza sana, akasema hayana utamu wala rangi, kwa hiyo si ya rejeta bali ni ya kiyoyozi. Akaingia chini ya gari, akapata kibomba kidogo cha kutolea maji ya kiyoyozi kimezibwa na tope na majani, akakizibua kwa waya laini, na maji yakamwagika kama ndoo. Kwa unyevu wa hewa ya hapa kwetu, koili ile hukusanya maji mengi kila siku, nayo yakikosa njia ya kutoka hujaa kwenye kisanduku.

Fundi wa Fuoni anisahihishe kama nimekosea.

Fundi Umeme Fuoni

Hukukosea Bi Mkubwa, isipokuwa huyo fundi mwambie aache kulamba. Maji ya rejeta yaliyotiwa kulanti, yaani dawa ya rejeta, ni sumu, na ni huo utamu wake unaoyafanya yawe hatari kwa watoto na paka. Kuyaangalia rangi na kuyagusa kwa kidole kunatosha, kwani ya kulanti huteleza kama yana mafuta.

Niongeze tofauti moja. Hewa ikiwa kweli imeingia kwenye maji ya hita, sauti yake ni ya kububujika, na husikika injini inapowaka au unapokanyaga mafuta, haingoji kona. Dawa yake ni kuongeza maji na kuitoa hewa gari likiwa limepoa, lakini ikirudi baada ya siku chache, hapo tafuteni maji yanakokwenda, maana huenda ni mpira unaovuja na huenda ni gasketi ya silinda hedi. Na ule mlio wa ssss unaosikika kwa sekunde chache mara baada ya kuzima kiyoyozi ni gesi inayotulia kwenye mabomba. Huo si ugonjwa.

Kwa kijana wetu wa Mwanakwerekwe, mzee wa Konde ameshanimalizia maneno.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana nyote. Nimefanya majaribio juzi na jana baada ya skuli, na naona nina mengi ya kueleza.

Nilianza na kimya, kama nilivyoelekezwa. Kitufe cha kuelekeza hewa kilitoa sauti laini ya kusogea, kisha basi. Cha hewa ya nje na ya ndani vivyo hivyo. Namba ya joto ndiyo iliyolia. Njia ya vitufe viwili ilikubali kwenye gari langu, na kioo kikanionyesha 41 na 21. Ile 21 ilitoweka nilipolitoa gari chini ya mwembe na kulirudisha juani. Kwa mpira wa sikioni, mwanangu wa kwanza alipata mahali penyewe haraka kuliko mimi: juu ya mahali pa kuwekea miguu ya abiria, ubavuni mwa kisanduku, pana kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti kikubwa chenye waya kadhaa.

Harufu ya karafuu hutoka feni inapofunguliwa tu, na huzidi ninapopandisha joto. Fundi, sasa nami naanza kuiona sababu ya swali lako. Kidude kimefungwa kwa skrubu tatu. Je, nikifungue?

Fundi Umeme Fuoni

Kifungue, lakini kwanza chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Gari la 1999 huenda lina mfuko wa hewa upande wa abiria, na waya zake, ambazo aghalabu zina plagi za manjano, hazichezewi. Huna haja ya kuzigusa kwa kazi hii.

Ukishakitoa kidude, usikimbilie kukifungua wala kukilaumu. Utaona mhimili wa kilango umechomoza kwenye kisanduku. Uzungushe kwa vidole, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Ukitembea kwa ulaini, kilango ni kizima na mota ndiyo mbovu. Ukigota njiani, usiulazimishe kwa koleo, kwani ni plastiki ya miaka ishirini na zaidi na ikivunjika hapo ndipo dashibodi itakaposhuka kweli. Wanaobadilisha mota bila ya kupima mhimili huua mota mpya ndani ya wiki, kisha wanasema spea za siku hizi hazifai.

Mwalimu wa Wete

Umegota. Kutoka upande wa baridi unatembea kama robo ya safari yake, kisha unagonga kitu chenye ulaini fulani, si kama ukuta. Nilipourudisha na kuupeleka mara kadhaa nilisikia vitu vikisagika, na mkono wangu ukanukia karafuu.

Hapo ndipo mwanangu wa pili alipokiri. Msimu uliopita, yeye na wenzake waliokota karafuu chini ya mikarafuu ya babu yao, wakazitandaza juu ya dashibodi zipate jua kupitia kwenye kioo wakati gari limeegeshwa shambani. Nyengine ziliteremka kwenye matundu ya hewa yaliyopo chini ya kioo cha mbele. Naye, kwa kuogopa, akanyamaza.

Niliirudisha betri, nikaelekeza hewa miguuni, nikafungua feni hadi mwisho, na huku nikiuzungusha mhimili kwa vidole mbele na nyuma. Zilianza kutoka moja moja kwenye tundu la miguuni: karafuu kavu, makonyo (vile vikonyo vyake), na vumbi jeusi. Kisha kilango kikagota tena mahali pale pale. Nilichomoa kipande cha njia ya hewa ya miguuni, nikaangaza tochi, nikakiona kitu chekundu. Nilikitoa kwa waya uliopindwa ncha. Ni kifuniko cha kalamu nyekundu, nayo ni ya aina ninayosahihishia madaftari, kwa hiyo la karafuu nimewasamehe watoto wote kwa pamoja. Sasa mhimili unatembea kutoka mwisho hadi mwisho bila ya kusita.

Niliirudisha mota mahali pake. Bado inalia, ingawa kwa sauti ndogo zaidi, na hewa ya moto inatoka mara nyengine na mara nyengine haitoki. Nilipokifungua kidude nikakuta gia kubwa imepoteza meno mawili. Jirani yangu ananishauri niigeuze gia upande ambao haujatumika, kwa kuwa haizunguki duara zima.

Fundi Umeme Fuoni

Ushauri wa jirani unafanya kazi kwenye baadhi ya mota, na nimeufanya mwenyewe kwa watu waliokwama. Kabla hujaufuata, igeuze hiyo gia uitazame kwa chini. Ukiona vijiti vidogo vya shaba vinavyogusa ubao mweusi, hicho ndicho kihisi cha mahali. Ukiigeuza gia hiyo, kihisi kitaidanganya kompyuta, utabonyeza 18 nawe upate moto. Kwa sababu hiyo, kwa namba 41 uliyoiona, mimi ningetafuta mota nyengine iliyotumika.

Unapoagiza, usitumie picha ya plagi peke yake. Soma namba iliyochapwa kwenye mwili wa mota, hesabu na pini za plagi, kwani mota za vilango vitatu vya gari moja zinaweza kufanana kwa umbo na zikatofautiana kwa upande zinaozungukia. Kabla ya kuifunga, paka grisi kidogo ya silikoni kwenye mhimili wa kilango, usitie ile grisi ya beringi za magurudumu. Na ukifunga, weka namba kwenye 18 kwanza ili uone kama kilango kinafika mwisho wa baridi, ndipo upandishe.

Mwalimu wa Wete

Mota ilipatikana kwenye duka la spea zilizotumika Unguja, ikaletwa kwa boti, na bei yake haikufika robo ya ile niliyotajiwa mwanzo. Nimeifunga leo asubuhi kabla ya mvua. Nilipofungua ufunguo nilisikia mlio mmoja laini wa kusogea, kisha kimya, na kwenye 25 hewa ikawa ya uvuguvugu. Kioo kilisafika kabla sijafika njia panda ya skuli.

Harufu ya karafuu haijaondoka. Mama watoto anasema iachwe.

Fundi Umeme Fuoni

Iache, lakini toa chujio la hewa lililopo nyuma ya droo ya abiria, kama gari lako linalo, ulikung'ute. Nina hakika nusu kilo nyengine iko humo.